Kanda za Video za Kikosi Zihamishwe Upesi

Askari wenzetu, katika maghala ya vikosi zimo kanda za video za magwaride na mazishi ya ndugu zetu. Funai ya Japani iliacha kutengeneza mashine za kuzichezea mwaka 2016. Nazo kanda huota ukungu. Wapo mafundi wanaokataa kuzihamishia kwenye diski, wakidai zimefungwa zisinakiliwe.

Kufuli hilo, Macrovision, lilianza mwaka 1985 katika filamu za kuuzwa. Mipigo ya umeme iliyofichwa nje ya picha huihadaa mashine inayonakili, picha ikang'aa na kufifia. Kanda tulizorekodi wenyewe hazina kufuli. Mawimbi ya kanda chakavu huyumba, na mashine huyadhania kufuli. Kiwekwe katikati kifaa cha kunyoosha mawimbi. Kanda asilia isitupwe.