Mfano wa Ngalawa: Namna ya Kuupima na Kuuchonga

Mwanachama wetu mmoja wa Pemba ana binti yake aliye mwalimu huko Unyambwa, katika mkoa wa Singida, mbali na pwani kiasi cha kilomita 700 kwa barabara ipitayo Dodoma. Mwalimu huyo aliandika nyumbani akasema ya kuwa watoto wa darasa lake wanayajua maziwa yao ya Singida na Kindai, lakini alipowaeleza kwamba kwao watu huenda baharini kuvua kwa gogo la mwembe lenye mbawa mbili, walicheka wakadhani anawafanyia mzaha. Akamwomba baba yake ampelekee mfano mdogo wa ngalawa, apate kuwaonyesha.

Mzee huyo alitujia na swali: mfano hufanywaje hata uwe wa kweli, usiwe kama vile vingalawa vya kuwauzia wageni, ambavyo mlingoti wake ni kijiti cha mshikaki? Tulimwita fundi mmoja wa vyombo, tukaufanya pamoja. Kwa kuwa wengine nao huenda wakapenda kujaribu wakati karafuu zimekwisha kuchumwa na mikono ina nafasi, twaeleza hapa tuliyojifunza, pamoja na makosa yetu.

KUPIMA

Kazi ya kwanza si kuchonga bali ni kupima. Usitegemee macho, hata kama umezaliwa pwani. Sisi tulidhani twaijua ngalawa, na tulipokwenda Wete na uzi na kipimo tuliona ya kuwa karibu kila tulichokisema nyumbani kilikuwa na kosa: mlingoti tuliuweka nyuma mno, na matengo tuliyafanya mafupi.

Tulichagua kipimo cha inchi moja kwa kila futi moja, maana ndicho chepesi kwa mwenye rula ya kawaida. Kwa hesabu hiyo mfano ni mdogo mara 12 kuliko chombo chenyewe. Ngalawa tuliyoipima ilikuwa na urefu wa pima tatu, yaani futi 18. Basi mfano wake ni inchi 18, sawasawa na dhiraa moja. Miti ya matengo ilikuwa futi 12, ikawa inchi 12. Unene wa ubavu wa mtumbwi ulikuwa inchi moja na nusu. Katika mfano huo ni sehemu ya nane ya inchi tu, na hapo ndipo penye kazi.

Kupata umbo la mtumbwi, nyosha uzi toka omo hadi tezi. Kila baada ya futi tatu pima upana wa juu na kina cha ndani, kisha uzungushie waya laini ubavuni kwa nje hata ufuate umbo lake. Uondoe waya pole pole, uulaze juu ya karatasi, uchore. Michoro hiyo ukishaipunguza mara 12, uikate katika karatasi ngumu; hivyo ndivyo vigezo vyako. Andika kila kipimo papo hapo ukiwa pwani. Kilichoachwa kwa kumbukumbu hupotea njiani.

MTUMBWI

Ngalawa halisi huchongwa katika gogo moja, na mti upendwao ni mwembe. Kwa mfano waweza kutumia mwembe vile vile, au mfenesi, ambao huchongeka vizuri zaidi. Kipande kikaushwe kivulini kwa muda mrefu, na ncha zake zipakwe nta au rangi. Zisipopakwa, kitapasuka toka mwisho kabla hujaanza.

Piga mstari wa katikati juu na chini, na usiufute mpaka mwisho wa kazi. Chonga nje kwanza, kwa tezo ndogo kisha kwa kisu na msasa, ukijaribu vigezo vyako kila mara. Nje ikiisha ndipo uchimbe ndani kwa patasi iliyopinda. Tumia bikari ya mti kupima unene, ukiwa umeiga ile ya fundi. Mtumbwi wetu wa kwanza ulitoboka chini kwa sababu tuliamini vidole badala ya bikari. Fundi hakutulaumu, alituambia tu tutafute gogo jingine.

MATENGO

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo penye akili yote ya chombo. Mtumbwi wa ngalawa ni mwembamba sana; peke yake hauwezi kuchukua tanga. Miti miwili hupita juu yake, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila upande, mwisho wa miti hiyo, upo ubao mrefu uliochongwa ncha. Ubao huo haukulala bapa juu ya maji wala haukusimama wima, bali umekaa mshazari, ili upepo ukiilaza ngalawa, ubao wa upande wa chini uyapande maji na kuisukuma juu.

Tena, mbao mbili haziyagusi maji sawasawa kwa wakati mmoja ngalawa ikiwa safarini. Mmoja hufanya kazi na mwingine huning'inia. Mwenye kufanya mfano akaziweka zote mbili chini sawa na tumbo la mtumbwi, amefanya chombo cha miguu mitatu, na kila mvuvi atakayekiona atajua ya kuwa aliyekifanya hajapanda ngalawa.

Miti ya matengo haikupigwa misumari. Imefungwa kwa kamba, ili iweze kulegea kidogo mawimbi yanapoipiga. Basi nawe funga, usitie gundi. Kamba ya unene wa robo tatu ya inchi huwa uzi wa sehemu ya kumi na sita ya inchi. Sokota nyuzi za pamba mpaka upate unene huo, kisha uzichovye katika chai kavu iliyokolea, zitafanana na kamba ya makumbi.

MLINGOTI, FOROMALI NA TANGA

Tanga la ngalawa ni la pembe tatu, nalo limefungwa katika foromali. Kwa mfano, merikani ni nene mno. Yafaa bafta nyembamba. Mishono iungayo vitambaa vya tanga halisi iigwe, kwa maana mtoto atauliza kwa nini tanga lina mistari, na jibu lake ni kwamba limeunganishwa vipande vipande.

Jambo moja twalitilia mkazo. Ngalawa ikigeuzwa upande mwingine wa upepo, foromali haina budi kuhamishwa kuzunguka mlingoti. Kwa hiyo kamba ya kupandishia foromali ipite juu ya mlingoti kama ipasavyo na iweze kulegezwa, na demani iwe huru. Mwenye kuigundisha foromali amefanya pambo la ukutani. Mwalimu hataweza kuwaonyesha watoto jinsi mvuvi arudivyo nyumbani na upepo uko mbele yake, na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Usisahau vyombo vya kazi: kafi, upondo, nanga, kata ya kutolea maji, na dema dogo lililosukwa kwa vijiti vyembamba vya mianzi. Bila ya hivyo ni chombo cha kutembelea tu. Kwa hivyo ndipo kinakuwa chombo cha kuvulia.

KUUJARIBU MAJINI

Mfano wetu ulipokwisha tuliutia katika hodhi la maji, upepo ukiwa wa kadiri. Ulipinduka papo hapo. Tulidhani tumekosea vipimo, tukapima tena. Vipimo vilikuwa sawa. Sababu ni hii, na yafaa kila mtu aielewe.

Ukipunguza urefu mara 12, eneo la tanga hupungua mara 12 kwa 12, yaani mara 144. Lakini uzito hupungua mara 12 kwa 12 kwa 12, yaani mara 1,728. Upepo wenyewe haukupungua hata kidogo. Basi tanga la mfano ni kubwa mno kwa uzito wake, ijapokuwa kila kipimo ni cha haki.

Dawa tulizoziona ni mbili. Kwanza, mfano uwe na tanga la pili, dogo, la kujaribia majini tu. Lile la kweli libaki kwa kutazamwa. Pili, funga kifuko cha mchanga juu ya mti wa tengo upande utokako upepo. Hiyo si hila, kwani ndivyo wafanyavyo wavuvi wenyewe: upepo ukizidi, mmoja wao hutoka nje akakaa juu ya tengo, na uzito wake ndio unaoituliza ngalawa. Tulimwandikia mwalimu maelezo hayo yote katika karatasi, tukaitia ndani ya sanduku, tusije tukawafundisha watoto wa Unyambwa kwamba ngalawa hupinduka kila siku.

KWA NINI TWAWAHIMIZA

Wengine watasema huu ni mchezo wa watoto. Na waufikirie mtepe. Chombo kile cha visiwa vya Lamu kilishonwa kwa kamba za minazi bila ya misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Kilisafiri pwani hii kwa karne nyingi; lakini kabla ya nusu ya karne ya 20 kupita kilikuwa kimekwisha kutoweka. Tangu hapo mtu atakaye kujua jinsi mtepe ulivyoshonwa hana budi kutazama picha chache, maandishi, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho. Mwaka 2003 mtepe ulijengwa upya Unguja, ukawekwa katika Beit el Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilibomoka, na watu wawili wakafa. Basi hata kilichomo makumbushoni hakina ahadi ya kudumu, na ujuzi wafaa ukae mahali pengi.

Ngalawa haijafika huko, na twashukuru. Bado twaiona pwani zetu kila asubuhi. Lakini miembe mikubwa ya kutosha mtumbwi si mingi kama zamani, na mti uliokatwa leo haupati badala yake mpaka umri wa mtu umepita. Vyombo vya faiba navyo vyazidi kuonekana, wala hatumlaumu mvuvi anayevitaka, kwani havihitaji mti wala havioozi. Twasema hivi tu: kipimo kichukuliwe sasa, wakati chombo kipo na fundi wake yu hai wa kuulizwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Sanduku lilifika Unyambwa salama, limejazwa makumbi pande zote. Mwalimu ameandika kumshukuru baba yake, akasema watoto hawacheki tena. Lakini walimwuliza swali moja lililomshinda: mvuvi mwenyewe ni mkubwa kiasi gani, naye anakaa wapi? Sisi tulipima kila kitu tukamsahau mtu. Sasa twachonga mvuvi wa inchi tano na nusu, aketi juu ya tengo, naye atapelekwa.

Mwanachama atakayepima ngalawa ya kijijini kwake, na atuletee vipimo vyake, pamoja na jina la kijiji, aina ya mti, na mwaka uliokatwa kama wajulikana. Tutaviweka pamoja na vile vya Wete, na kila mwenye kutaka kuchonga atapewa nakala.