Kaboni Inapovuka Mpaka wa Vyuma Viwili

Mitungi mikubwa ya viwanda vya kemikali na vya kusafishia mafuta ingegharimu fedha nyingi mno kama yote ingeundwa kwa stenlesi tupu, kwani kromiamu na nikeli zilizomo ndani yake ni ghali. Kwa hiyo bamba nene la chuma cha kawaida huachiwa kazi ya kubeba mzigo, na juu yake hutandikwa tabaka jembamba la stenlesi la kukabili tindikali. Viwili hivyo hupashwa moto tanurini hadi nyuzi 1,100 au 1,200 za Selsiasi, kisha hubanwa kwa rola nzito mpaka vikashikana. Watu wengi hulipima bamba kama hilo kwa nguvu ya mshiko wake. Mimi nasema kipimo hicho hakitoshi: hatima ya bamba imo mikononi mwa kaboni inayohama mpakani.

Chuma kikiwa cha moto, atomi zake hazitulii. Kromiamu na nikeli hukalia nafasi zilezile za atomi za chuma, hivyo haziwezi kusogea mpaka nafasi jirani iwe wazi. Kaboni ni ndogo, hupenya katikati yao. Katika nyuzi 1,100, kwa saa moja kaboni huweza kwenda karibu nusu milimita, ilhali kromiamu huambulia mikromita chache tu. Wala kaboni haiondoki tu palipo nyingi kwenda palipo haba. Mwaka 1949 Mmarekani Lawrence Darken aliunganisha vipande viwili vya chuma vyenye kaboni karibu sawa, kimoja kikiwa na silikoni nyingi. Baada ya siku 13 katika nyuzi 1,050, kaboni ilikuwa imeukimbia upande wa silikoni na kurundikana upande wa pili. Silikoni huifukuza kaboni, kromiamu huivuta. Ndiyo maana kaboni ya chuma cha kawaida hukimbilia stenlesi.

Madhara yake huonekana kwa hadubini. Upande wa chuma cha kawaida hubaki ukanda mweupe wa punje laini, zilizopungukiwa na kaboni. Upande wa stenlesi, kaboni hujikusanya kwenye mipaka ya punje na kuiteka kromiamu, zikafanya kabaidi. Kromiamu iliyobaki kandokando ikishuka chini ya asilimia 12 hivi, kinga dhidi ya kutu hupotea na kutu hupenya ikifuata mipaka ya punje. Juu ya hayo, ukanda mgumu na ukanda laini zikikaa ubavu kwa ubavu, ufa hupata pa kuanzia.

Atatokea wa kusema kwamba bila atomi kuhama hakuna mshikamano. Ni kweli, ila mikromita chache zinatosha. Mwingine atapendekeza kuunganisha kwa mlipuko, ambao hauziachii atomi muda wa kwenda mbali. Hilo nalo ni kweli, lakini mtungi ukishachomelewa mara nyingi hupashwa moto tena, nyuzi 600 hivi kwa saa kadhaa, ili kulegeza mikazo, na hapo kaboni huanza kusafiri. Kinga bora ni kuweka karatasi nyembamba ya nikeli katikati, maana nikeli haiivuti kaboni, na kuchagua stenlesi yenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Gharama itaongezeka, lakini ni ndogo ikilinganishwa na mtungi uliotoboka. Kiwango cha Marekani cha mabamba haya, ASTM A264, kinataja nguvu ya mshiko dhidi ya mkato ya megapaskali 140, na bamba linaweza kuifikia huku stenlesi yake imeshadhoofika. Kwa hiyo mnunuzi adai pia taarifa za joto na saa za kila upashaji, pamoja na picha ya hadubini ya mpaka wenyewe.