Sinema ya Jadotville na Watu Wasio na Jina

Kuna sinema moja inayopita siku hizi katika simu za vijana wetu, hapa Mutoshi, Kolwezi mjini, na katika makambi yote ya zamani ya Union Minière. Jina lake ni The Siege of Jadotville. Ilitoka mwaka 2016, na mwenye kuiongoza ni Richie Smyth, mtu wa Irlandi. Inasimulia habari ya askari wa Irlandi waliokuja Katanga na ONU, wakazungukwa na adui siku tano huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Vijana wanaipenda sana, maana bunduki hazinyamazi. Kiisha kuitazama wanasema: «Sasa tumejua mambo ya Katanga.» Neno hilo ndilo linalotufanya tuandike. Je, wamejua kweli?

Tuanze kwa kuipa sinema haki yake. Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, chini ya Moïse Tshombe. ONU ilitaka kuwaondoa wazungu waliokuwa wakiongoza jeshi lake, na tarehe 28 Agosti 1961 ikawakamata wengi wao pasipo vita. Siku chache nyuma yake, kompania moja ya Wairlandi, watu 150 na zaidi kidogo, ikatumwa Jadotville chini ya komanda Pat Quinlan. Walitumwa kuwalinda wazungu wa mji, kwa sababu Ubelgiji ulilalamika juu yao. Walipofika wakaona ya kuwa wazungu wale hawawataki hata kidogo. Tarehe 13 Septemba ONU ikaanza vita Elisabethville, na asubuhi ileile Wairlandi wa Jadotville wakashambuliwa, wengi wao wakiwa katika Misa. Msomaji asidhani ilikuwa Dominika. Ilikuwa siku ya tatu ya juma, Misa ya kila siku tu.

Haya sinema haikuyatunga. Haikutunga vilevile habari ya maji: helikopta moja ilifaulu kutua kati ya risasi, lakini maji iliyoyaleta yalikuwa yametiwa katika bidoni za esanse, hayakunyweka. Askari wenzao walijaribu mara mbili kuvuka daraja la Lufira ili wawafikie, wakashindwa. Na jambo la kushangaza kuliko yote ni kweli pia: Wairlandi watano waliumia, wala hakufa hata mmoja. Tarehe 17 Septemba, risasi na maji vimekwisha, Quinlan akatoa silaha, nao wakakaa kifungoni hata mwezi wa Oktoba.

Jambo moja linatugusa sisi wa Lualaba. Katika sinema ndege inatokea juu kama radi, inaangusha mabomu, inakwenda zake. Inatoka wapi? Ilitoka kwetu. Ile Fouga Magister, ndege ya pekee ya namna ile iliyombakia Tshombe, ilikuwa na kiota chake katika uwanja wa Kolwezi. ONU siku zile haikuwa na ndege ya vita hata moja katika Katanga. Ethiopia ilikuwa tayari kutuma za kwake, lakini Uingereza ulikawisha ruhusa ya kupita juu ya Uganda. Basi ndege moja ikatawala anga la inchi nzima. Mtu akijua hayo, anafahamu kwa nini watu wale walishindwa kufikiwa na msaada. Asipoyajua, anaona mshindo na moshi tu.

Tuje sasa kwa mapambo. Kila sinema ya vita hutaka adui awe na uso mmoja, ili mtazamaji ajue amchukie nani. Hapa uso huo ni wa ofisa Mfaransa anayeitwa Rene Faulques. Mtu huyo alikuwako kweli. Jina lake hasa lilikuwa Roger, alikuwa ofisa wa Legion, alipigana Indochine kabla ya kuja Katanga. Lakini hesabu ya vita ile haimalizwi na waungwana wawili wanaotazamana, mmoja Muirlandi, mmoja Mfaransa, kana kwamba Katanga ilikuwa uwanja wa michezo yao. Vilevile sinema inaweka mzigo mkubwa juu ya Conor Cruise O'Brien, mjumbe wa ONU katika Elisabethville. Alikuwa na makosa yake. Lakini nani alitoa amri gani, na Hammarskjöld mwenyewe alijua kiasi gani, watu wa historia wanabishania hata leo. Na juu ya kifo cha Hammarskjöld, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola usiku wa 17 kuingia 18 Septemba, heri kuwa na subira. Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyepewa na ONU kazi ya kuchunguza jambo hilo, aliandika mwaka 2017 ya kuwa yawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa na mwingine. «Yawezekana»: neno la jaji mwenye akili. Sinema haina nafasi ya neno kama hilo.

Makosa ya namna hii si makubwa sana. Mwalimu mzuri anayasahihisha katika nusu saa. Lililo zito zaidi ni jambo lisiloonekana, maana kitu kisichokuwamo hakuna anayekisahihisha.

Tazameni wale wanaoanguka. Kila mara tunasikia ya kuwa washambuliaji walikuwa 3,000, wengine wanasema hata 5,000, na ya kuwa waliokufa kwao ni kama 300. Hiyo ni hesabu ya kukadiria, haikutoka katika orodha ya majina. Watu hao walikuwa nani? Walikuwa majandarme wa Katanga, vijana wa inchi hii, pamoja na wazungu wa kulipwa na wazungu wa mji. Katika sinema jandarme mweusi anakimbia, anapiga kelele, anaanguka. Hana mama, hana kijiji, hana hata sababu ya kupigana. Tena mji wenyewe haumo. Wafanyakazi wa Union Minière walikuwa wapi siku zile tano? Wake zao walipika nini? Shinkolobwe, ambako ulitoka urani wa bomu la Hiroshima, iko karibu na Likasi, na watu walioichimba walikaa palepale. Hatuwaoni.

Na huko Elisabethville, katika wiki zilezile, Waluba zaidi ya 35,000 walikuwa wamekimbia nyumba zao kwa kuogopa askari wa Tshombe, wakalala katika kambi iliyolindwa na ONU. Kama mtu angeniuliza ni tukio gani lililogusa roho nyingi zaidi katika Katanga ya Septemba 1961, ningemwonyesha kambi ile kabla ya kumwonyesha Jadotville. Sinema haina nafasi kwa kambi ile. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 8 Novemba 1960, Wairlandi tisa waliuawa Niemba, upande wa kaskazini, na wapiganaji Waluba waliowadhania ni adui. Tangu siku ile neno «baluba» likaingia katika maneno ya Wairlandi kama tusi. Jina la taifa likageuka kuwa matukano kwa watu wasioweza hata kuonyesha Katanga iko wapi. Yule aliye Muluba kati yetu ajipimie uzito wake.

Mtu atasema: Wairlandi wametengeneza sinema ya Wairlandi, ubaya uko wapi? Neno hilo ni la haki, na sharti tulijibu kwa haki. Askari wa Jadotville walirudi kwao wakapokewa kwa haya. Walikuwa wametoa silaha, na katika jeshi lao jina Jadotville likawa la kuchekwa. Quinlan aliomba wengi wao wapewe nishani. Hakupewa hata mmoja, naye akafa mwaka 1997 bila kuona jambo hilo limenyoshwa. Wazee wale na watoto wao hawakunyamaza. Walitunza barua, waliandika, waligonga milango ya serikali. Mwaka 2005 Declan Power akatoa kitabu, na ndicho mama wa sinema hii. Mwaka 2016 kompania nzima ikasifiwa na serikali yao, na mwaka 2017 kila mmoja akapewa nishani, hata waliokwisha kufa. Sinema ni sehemu ya kazi hiyo ya kurudisha heshima. Siwezi kuwalaumu watoto waliopigania jina la baba zao.

Lakini mtu anaweza kusema kweli juu ya baba yake na bado akamfuta baba wa mwenzake. Wairlandi wenyewe wamekwisha kupata somo hilo upande mwingine wa bahari. Mwaka 2002 Martin Scorsese alitoa sinema Gangs of New York, juu ya wahamiaji wa Irlandi katika Marekani, watu maskini waliokimbia njaa na kuchukiwa na wenyeji. Mwisho wake ni machafuko ya Julai 1863, watu walipokataa kuandikwa jeshini kwa nguvu. Sinema inaonyesha meli za vita zikipiga mji kwa mizinga. Jambo hilo halikutokea kamwe. Jeshi la inchi kavu ndilo lililozima machafuko. Lakini lile lililotokea kweli linapitwa haraka: wenye machafuko, na Wairlandi wengi kati yao, waliwanyonga watu weusi barabarani, wakachoma nyumba ya yatima weusi yenye watoto 233. Kwa neema watoto waliokolewa wote. Mizinga ya uongo ilipata dakika nyingi; mtu mweusi aliyenyongwa kweli akapata kidogo. Ona namna kosa lilivyo lilelile, New York na Jadotville.

Turudi kwetu. Wale majandarme wasio na jina hawakuyeyuka. Kujitenga kulikwisha Januari 1963, Tshombe akiwa hapa Kolwezi, na ONU ikaingia mji huu tarehe 21 ya mwezi ule. Wengi wa askari wake walivuka mpaka wakakaa Angola. Huko wakazeeka, vijana wakajiunga nao, na mwezi wa Mei 1978 wakarudi wakaingia Kolwezi kwa silaha. Yaliyofuata wazazi wetu wanayajua: siku za hofu, wazungu na weusi waliouawa, halafu tarehe 19 Mei askari wa Legion ya Ufaransa wakishuka kwa miavuli. Juu ya hayo pia kuna sinema, La Légion saute sur Kolwezi, ya Raoul Coutard, mwaka 1980. Mara nyingine mzungu ana jina, ana mke, ana barua mfukoni. Na mtu wa Kolwezi, ambaye wafu wake walikuwa wengi kuliko wa wageni, anapita nyuma ya picha.

Tena haikupigwa Kolwezi. Ilipigwa Guyane ya Wafaransa, ng'ambo ya bahari. Sinema ya Jadotville ilipigwa Afrika ya Kusini. Hata Lumumba ya Raoul Peck, mwaka 2000, iliyo bora kuliko hizo mbili na yenye kumpa Mukongo uso na sauti, ilibidi ipigwe Zimbabwe na Msumbiji, maana kwetu kulikuwa vita. Sinema tatu za hadithi juu ya yaliyotokea katika inchi yetu, na hakuna hata moja yenye udongo wetu mwekundu chini ya miguu ya wachezaji. Mtoto wa Likasi anatazama vilima vile anajua mara moja si kwao.

Kijana aliyekuwa na miaka 18 siku ya Jadotville sasa amepita 80. Wako bado wachache Likasi, Kolwezi, Kambove, na hakuna aliyekuja na kitabu kuwauliza. Waseminari wanaokwenda likizo pande zile wanaweza kuwauliza mambo madogo, na kuandika jibu kwa maneno ya mzee mwenyewe, pamoja na mwaka na mahali. Nani alikuja kambini kuandika vijana jeshini? Waliahidiwa franga ngapi? Siku zile tano maji yalitoka wapi mjini? Waliokufa walizikwa katika makaburi gani, nani alichimba, na nani kati ya majirani hakurudi?