Mashini ya kujitengenezea, programu ya bure: mambo fundi wa Zongwe anaweza kujua mbele ya kuanza

ZONGWE (Kalemie) – Puli ya mashini ya kusaga unga ikivunjika, mwenye mashini hana njia nyingi. Ao anangojea ingine itoke Lubumbashi ao Kigoma, ao anatafuta fundi wa kuirekebisha kwa mukono. Wakati huo mashini inasimama na feza haziingii. Katika inchi nyingi, watu wasiokuwa na kiwanda wamepata njia ya tatu: wanajitengenezea nyumbani mashini ndogo ya kukata na kuchonga, kisha wanaiongoza kwa programu ya bure. Je, jambo hilo linawezekana hapa Tanganyika?

Mashini iko namna gani?

Ni kiunzi cha chuma ao cha mbao, chenye reli. Juu yake kuko moteri moja inayozungusha kisu. Moteri zingine tatu zinasukuma kisu hicho: moja kushoto na kuume, moja mbele na nyuma, moja juu na chini.

Hizo tatu zinaitwa moteri za hatua kwa hatua. Moteri ya kawaida inazunguka tu. Hii inageuka kidogo kidogo, mara nyingi hatua 200 kwa muzunguko mumoja. Ukiifunga kwenye chuma kirefu chenye uzi wa kawaida wa buloni ya 8, muzunguko mumoja unasogeza ekru milimita 1.25. Ni kusema hatua 160 kwa kila milimita. Ndiyo sababu mashini inaweza kurudilia kipande kilekile mara kumi bila kuchoka. Moteri za namna hiyo zinapatikana hata ndani ya imprimante za zamani zilizotupwa, lakini nyingi kati ya hizo ni ndogo na hazina nguvu ya kutosha kwa kukata mbao ngumu.

Inaambiwa namna gani pa kwenda?

Kuko luga yake, inaitwa G-code. Mustari mumoja unaweza kuwa hivi: G1 X50 Y20 F300. Maana yake: enda moja kwa moja mpaka milimita 50 upande wa X na 20 upande wa Y, kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika. Wazo si mupya. Mwaka wa 1952, chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha watu mashini ya kukata chuma iliyoongozwa na karatasi yenye matundu. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya viwanda vikubwa tu.

Programu mbili ndizo zilifungulia watu wadogo mulango. Ya kwanza ni LinuxCNC. Ilianzia katika NIST, ofisi ya serikali ya Marekani inayoshugulika na vipimo, kisha watu wa kujitolea wakaiendelesha. Inapenda ordinateri ya mezani, hata ya zamani, yenye ule mulango murefu wa imprimante nyuma. Laptop mara nyingi haifai, juu inachelewesha alama zinazopaswa kufika kwa moteri kwa saa yake kamili.

Ya pili ni GRBL, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwe mwaka wa 2009. Hii inaingia ndani ya Arduino, kadi ndogo ya elektroniki iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka wa 2005. Kumbukumbu ya kadi hiyo ni kilobaiti 32 tu, kidogo kuliko picha moja ya telefone. Hapo laptop inatosha, juu kazi yake ni kutuma mistari tu. Kadi ndiyo inahesabu hatua.

Zote mbili ni programu za chanzo wazi: maandishi yake ya ndani yanaonekana, na kila mutu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Kunakili si wizi.

Mifano haiko mbali. Mwaka wa 2013, kule Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alitengeneza imprimante ya 3D kwa vipande vya ordinateri na skana za zamani. Imprimante ya 3D nayo inafuata G-code, ila badala ya kukata inaongeza plastiki. Kule Nairobi, kampuni AB3D inajenga imprimante kama hizo papo hapo.

Shida iko wapi?

Si kwa programu. Kiunzi kikiwa kimepinda, hata programu nzuri itakata kitu kilichopinda. Kwa hiyo soudeur anayejua kupima ekweri na kunyoosha chuma yuko karibu na hii mashini kuliko kijana anayejua ordinateri peke yake. Wote wawili wanahitajiana.

Shida ya pili ni umeme. Moteri hizi hazijue ziko wapi. Kadi inahesabu tu hatua ilizotuma. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hesabu inapotea na kipande kinaweza kuharibika. Dawa yake ni swichi ndogo kwenye mwisho wa kila reli: umeme ukirudia, mashini inaenda kugusa swichi na kupata tena sifuri yake. Lakini fundi anapaswa pia kuandika alifunga kipande pa wapi na alikuwa amefika mustari gani.

Ya tatu: mashini nyepesi ya nyumbani inakata mbao na plastiki, na aliminiamu pole pole. Kwa chuma kigumu, inatetemeka na kuvunja visu. Basi puli ya mashini ya kusaga itatoka wapi? Kwa njia ya kuzunguka: mashini inachonga modeli ya puli kwa mbao, modeli inapigwa ndani ya muchanga, na anayeyeyusha aliminiamu ya zamani anamwaga ndani. Aliminiamu ikipoa inapunguka karibu milimita 1.3 kwa kila milimita 100. Puli ya milimita 200 inaomba modeli ya karibu 203, na kuongeza kidogo pale itakaponyooshwa kwa turu. Ukisahau hesabu hiyo, puli itatoka ndogo.

Kisha usalama. Kisu kinachozunguka hakimujue mutoto. Buto ya kusimamisha ikate umeme wa moteri wenyewe. Isiombe ruhusa ya ordinateri. Miwani inavaliwa kila mara, na mikono mirefu ya shati inakunjwa.

Kwa wenye kutaka kujaribu

Njia ya feza kidogo ni kuanza na moteri moja na kadi moja, bila kisu: kuifanya iende milimita 100 na kurudia, kisha kupima kwa pied à coulisse. Ikirudia mara kumi pa fasi ileile, ndipo wanaongeza ya pili. Na kwa kuwa megabaiti ni bei, mutu mumoja anaweza kushusha programu mara moja mujini, kisha aipitishe kwa wengine kwa klé USB. Ruhusa ya kufanya hivyo imeandikwa ndani ya programu yenyewe.