Vietnam Kaskazini: Nchi iliyoshinda vita kisha ikatoweka kwenye ramani

Ukitaja Vietnam kwa vijana wa mtaa, wengi watakupigia stori za muvi. Helikopta juu ya msitu, mvua, mwanajeshi wa Marekani akimlilia rafikiye. Wale wa upande wa pili huonekana sekunde mbili tu, wanapigwa risasi, stori inaendelea. Hawana majina, hawana hata mama.

Hebu leo tuwaangalie hao. Nyuma yao kulikuwa na nchi nzima: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Vietnam, ama ukipenda, Vietnam Kaskazini. Ilizaliwa 1945, ikashinda vita, na 1976 ikatoweka kwenye ramani. Na hakuna aliyeipindua.

Ilianza na njaa

Ufaransa ilikuwa imetawala huko kwa miaka mingi, kisha Japani nayo ikaingia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka wa 1945 ulipoanza, kaskazini kulikuwa na njaa mbaya. Mamia ya maelfu walikufa. Wengine hukadiria hadi milioni mbili. Mchele ulikuwepo, lakini ulichukuliwa kwa nguvu. Kundi la Viet Minh, lililoongozwa na mkomunisti Ho Chi Minh, lilivamia maghala na kuwagawia watu chakula. Sasa unaelewa kwa nini watu walilifuata.

Septemba 2, 1945, Ho alisimama katika uwanja wa Ba Dinh jijini Hanoi akatangaza uhuru. Alianza na maneno ya Tangazo la Uhuru la Marekani. Ndiyo, Marekani hiyo hiyo. Siku sita baadaye serikali yake ikaanzisha kampeni ya kufundisha raia kusoma na kuandika.

Baiskeli dhidi ya ndege

Ufaransa ilikataa kuachilia, na Desemba 1946 vita vikawaka. Vilimalizikia katika bonde la Dien Bien Phu, 1954. Jenerali Vo Nguyen Giap hakuwa amepitia chuo chochote cha kijeshi. Alikuwa mwalimu wa historia. Watu wake walivuta mizinga milimani kwa kamba, na chakula kikasukumwa kwa baiskeli zilizobeba kilo 200 na zaidi, kama zile za wauza makaa unazoziona barabarani. Mei 7, Wafaransa wakasalimu amri. Majuma yayo hayo, hapa Nairobi, Waingereza walikuwa wakiwazoa maelfu ya watu katika Operesheni Anvil.

Mkutano wa Geneva ukaigawa Vietnam mara mbili kwa muda, uchaguzi ukiahidiwa 1956. Serikali ya Kusini, ikiungwa mkono na Marekani, ilikataa, na uchaguzi haukufanyika.

Mama aliyelisha mapinduzi

Hapa ndipo stori inakuwa chungu, na sehemu hii huisikii sana.

Nguyen Thi Nam alikuwa mfanyabiashara tajiri mwenye mashamba Thai Nguyen. Wakati wa siri aliwaficha viongozi wa mapinduzi nyumbani kwake, akawalisha, akatoa dhahabu. Wanawe walikuwa katika jeshi la Ho. Serikali ilipoanza kugawa ardhi upya mwaka 1953, ilihitaji mabwanyenye wa kushtaki hadharani. Nam aliwekwa mbele ya umati, akashtakiwa, akapigwa risasi. Alikuwa wa kwanza. Maelfu wakamfuata, wengine wakiwa wakulima wa kawaida tu waliochongewa na majirani.

Mwaka 1956 chama kilikiri makosa, na katibu mkuu Truong Chinh akaachia cheo chake. Lakini risasi hairudi kwenye bunduki. Mwaka huo huo waandishi wa Hanoi waliothubutu kuikosoa serikali wakaanza kuzimwa mmoja baada ya mwingine. Serikali iliyowafundisha watu kusoma sasa iliamua wasome nini.

Wasichana wa Dong Loc

Kuanzia 1965 Marekani ilimwaga mabomu kaskazini mchana na usiku. Watoto wa Hanoi walipelekwa vijijini. Silaha zikapelekwa Kusini kupitia msituni, kwa barabara zilizobomolewa leo na kujengwa kesho. Na nani alizijenga? Vijana wa rika lako. Katika njia panda ya Dong Loc, wasichana kumi wa miaka 17 hadi 24 walikuwa na kazi ya kufukia mashimo ya mabomu ili malori yapite. Julai 24, 1968, bomu moja liliwaua wote kumi.

Ho mwenyewe alifariki Septemba 2, 1969, Siku ya Uhuru. Chama kikatangaza kuwa alikufa tarehe 3, ili sherehe isiharibike. Ukweli ulitoka 1989. Aliandika kwenye wosia kwamba mwili wake uchomwe. Ukahifadhiwa, na leo umelazwa kwenye kaburi la kifahari katika uwanja ule ule wa Ba Dinh.

Ushindi, kisha?

Aprili 30, 1975, vifaru vya Kaskazini viliingia Saigon. Julai 2, 1976, pande mbili zikaunganishwa rasmi kuwa Jamhuri ya Kisoshalisti ya Vietnam, na jina la zamani likafutwa. Kusini, wengi walitupwa kwenye kambi za kufunzwa upya, na mamia ya maelfu wakakimbilia baharini kwa mashua. Kaskazini nako, walioshinda waliendelea kupiga foleni ya mchele wakiwa na kuponi mkononi, hadi chama kilipobadilisha uchumi kuanzia 1986.

Kwa hivyo siku nyingine ukiwasha hiyo muvi, usiishie kwa yule anayelia mbele ya kamera. Na mtu akikuambia Kaskazini walikuwa mashujaa tu, ama mashetani tu, muulize kwanza kama anamjua Nguyen Thi Nam. Kisha muulize kuhusu wasichana kumi wa Dong Loc. Hao wote walikuwa raia wa nchi moja.