Deni la mnunuzi likikwama: Wakili achaguliwe vipi?

Msimu wa alizeti ukiisha, daftari la mfanyabiashara wa Mungaa hubaki na majina ya namna mbili: waliolipa na walioahidi. Mzigo uliotoka kwa mkopo hulipwa pale tu mwenye mashine ya kukamua atakapouza mafuta na mashudu. Bei ikiporomoka katikati, kama ilivyotokea mwaka 2023 kwa wakulima na wenye mashine wa mkoa wa Singida, mkamuaji hujikuta ana mafuta ya bei ya chini na madeni ya bei ya juu. Hapo ndipo simu huacha kupokelewa.

Mdai wa aina hii aghalabu huanza kwa kwenda polisi, akaambiwa deni ni suala la madai, si la jinai. Hurudi kwa wazee, kisha kwa mtendaji wa kata. Miezi ikishapita ndipo hutafuta wakili, na kwa kuwa amechoka, humchukua wa kwanza anayetajwa na shemeji au na dereva wa basi. Uamuzi huo wa nusu saa unaweza kumgharimu kuliko deni lenyewe.

Chukulia mfanyabiashara wa Mungaa aliyepeleka tani 100 za alizeti kwenye mashine moja mjini Singida kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo. Mzigo wote ni shilingi milioni 100. Amelipwa milioni 15 siku ya kupakua, na milioni 85 zimebaki. Hakuna mkataba wa maandishi. Zipo risiti za mizani, meseji za simu na muamala wa benki wa zile milioni 15.

Swali la kwanza la wakili mzoefu huwa ni kuhusu muamala huo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni, inasema mauzo yanayofikia shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi awe amepokea bidhaa au sehemu yake, au ametoa sehemu ya malipo, au kuna andiko lenye saini yake. Shilingi 200 leo hazinunui hata soda, lakini kifungu bado kina meno. Mfanyabiashara wa mfano huu amesalimika kwa sababu mbegu zilipokelewa na malipo ya awali yana kumbukumbu. Aliyeagiziwa mzigo kwa mdomo, kisha mnunuzi akabadili nia kabla lori halijapakuliwa, ana kazi ngumu zaidi, na ni heri aambiwe hivyo mapema na wakili wake kuliko kuja kuambiwa na hakimu.

Swali la pili ni mahakama ipi. Hapa ndipo uzoefu hutenganishwa na cheti cha ukutani. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliipandisha mahakama ya mwanzo hadi madeni ya shilingi milioni 30, na mahakama za wilaya na za hakimu mkazi hadi milioni 200 kwa madai yasiyo ya mali isiyohamishika. Wakili anayekumbuka hapo tu ataona milioni 85 ni ndogo kuliko 200, atafungua kesi ngazi ya wilaya, na mteja atafurahi kwamba shauri liko karibu na nyumbani. Lakini mabadiliko hayo hayo yaliweka kikomo cha pekee kwa kesi za kibiashara: milioni 70, au milioni 100 ikiwa shauri ni la kurejeshewa mali isiyohamishika. Deni la alizeti kati ya mfanyabiashara na mwenye mashine ni la kibiashara. Milioni 85 zimevuka, na mahali pake ni Mahakama Kuu.

Kosa hilo halionekani siku ya kwanza. Kesi inaweza kusikilizwa, mashahidi wakaitwa, hukumu ikatoka, na mdai akashinda. Mdaiwa akikata rufaa kwa hoja kwamba mahakama haikuwa na mamlaka, kila kilichofanyika hufutwa. Hoja ya mamlaka inaweza kuibuliwa wakati wowote, hata kwenye rufaa. Mdai huanza upya, akiwa amekwisha kulipa ada, nauli na posho za mashahidi.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili, kwa kurundika fidia ya usumbufu ili deni dogo lionekane kubwa na kufika Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ililizungumzia jambo hili katika rufaa Na. 84 ya 2002, kati ya kiwanda cha nguo cha Urafiki cha Dar es Salaam na masista wa Usambara: kinachopima mamlaka ya mahakama ni madai halisi yanayohesabika, si fidia ya jumla ambayo kiwango chake huamuliwa na mahakama yenyewe. Wakili anayemwambia mteja, "tutaongeza milioni mia za usumbufu ili waogope," anatangaza kwamba hajaisoma rufaa hiyo au anategemea mteja asiisome.

Kwa hiyo swali la kumpima wakili si ana miaka mingapi kazini. Aulizwe amewahi kuendesha kesi ngapi za madeni ya kibiashara, katika mahakama zipi, na ngapi kati ya hizo ziliishia kwa mdai kupata fedha mkononi. Jimbo hili la Singida Mashariki liliwahi kuwa na mbunge aliye wakili, Tundu Lissu, mzaliwa wa Mahambe, ambaye mwaka 2017 alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Jina lake lilijengwa na mashauri ya mazingira, ya migodi na ya kisiasa. Hiyo ni sheria nyingine kabisa na ile ya kudai bei ya magunia, na umaarufu wa wakili katika moja si dhamana katika nyingine. Mawakili wenyewe wanalijua hilo. Mwaminifu humwelekeza mteja kwa mwenzake.

Kabla ya uzoefu lakini kuna uhalali. Si kila mwanasheria ni wakili. Mwenye shahada ya sheria ambaye hajaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika orodha ya mawakili hana ruhusa ya kumwakilisha mtu mahakamani kwa malipo. Hata aliyeapishwa anahitaji leseni ya kila mwaka, ambayo muda wake huisha tarehe 31 Desemba. Nyaraka zilizoandaliwa na asiye na leseni hai zinaweza kukataliwa, na kesi ikaanguka bila kusikilizwa. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili ambao mtu hutafuta jina na kuona kama wakili anaruhusiwa kufanya kazi. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu, nayo ndiyo kinga dhidi ya vishoka wanaozunguka nje ya mahakama wakiwa na mkoba, muhuri na maneno matamu. Dalili nyingine ya kishoka ni kukwepa kuandika jina lake kwenye hati. Sheria inataka hati ya mahakamani ionyeshe nani aliyeiandaa.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ni watu tofauti. Hawa hutoa elimu na ushauri bure na husaidia kupatanisha, lakini hawasimami mahakamani kama mawakili. Mwenye deni dogo asiwadharau. Kwa deni la milioni 5 katika mahakama ya mwanzo, mdai anaweza kusimama mwenyewe kwa Kiswahili, na ada ya wakili huenda ikala nusu ya kinachodaiwa. Ni kweli kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 2021 mawakili wanaruhusiwa katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, lakini kuruhusiwa si kuhitajika.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kama mdaiwa ana kitu cha kulipia. Hukumu ni karatasi mpaka ikaziwe. Wakili mzoefu hutumia saa yake ya kwanza kuuliza: mashine ni ya nani? Kiwanja ni cha nani? Gari lina jina la nani? Kuna benki inayoshikilia dhamana? Kisha hutafuta kumbukumbu BRELA ili kujua kama jina lililo kwenye bango ni la kampuni au ni jina la biashara la mtu binafsi. Ikiwa ni kampuni yenye dhima ya kikomo, nyumba ya mkurugenzi na ng'ombe zake haziguswi kirahisi hata kama yeye ndiye aliyepokea mzigo kwa mkono wake. Ikiwa ni jina la biashara tu, mwenyewe ndiye mdaiwa. Wapo waliomshtaki mtu kumbe mdaiwa ni kampuni, wakashindwa kwa sababu hiyo pekee.

Mdaiwa akianza kung'oa mashine usiku au kuhamisha mali, sheria ya mwenendo wa madai inaruhusu kuomba mali ikamatwe kabla ya hukumu, mradi mdai aonyeshe ushahidi wa nia ya kukwepa. Na kama mnunuzi alitoa hundi ikakataliwa benki, kuna njia ya mkato: mdaiwa hapewi nafasi ya kujitetea mpaka aombe ruhusa ya mahakama. Wakili ambaye hataji njia hizi mteja anapomweleza habari ya hundi au ya mashine inayong'olewa, aulizwe sababu.

Kuhusu malipo, kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, Tangazo la Serikali Na. 264, yenye viwango vya kazi mbalimbali. Mteja asione haya kuomba makubaliano ya maandishi. Yaeleze ada ni kiasi gani na italipwa kwa awamu zipi. Kama inahusu rufaa au inaishia kwenye hukumu. Na nani analipa nauli. Wakili wa Dodoma anasafiri takriban kilomita 240 kufika Singida mjini, na kesi ikiahirishwa mara sita, safari hizo peke yake zinakuwa bili. Usajili wa mashauri kwa mtandao umepunguza baadhi ya safari, si zote. Kila malipo yawe na risiti, na fedha za deni zikipatikana zipitie akaunti ya wateja ya ofisi, si simu binafsi ya wakili. Mshindi akipewa gharama za kesi, anazo siku 60 za kuwasilisha mchanganuo wake. Wakili akizembea hapo, mteja amepoteza fedha alizokwisha kushinda.

Anayeahidi ushindi aepukwe. Anayesema, "kesi hii tutafika kwenye usuluhishi, mdaiwa atataka kulipa kwa awamu, na ukikubali milioni 70 kwa miezi minane huenda ukawa umefanya vizuri kuliko kushinda 85 baada ya miaka minne," huyo anastahili kusikilizwa hata kama maneno yake hayafurahishi. Mashauri ya madai hupitia usuluhishi wa mahakama kabla ya kusikilizwa, na mfanyabiashara anajua thamani ya mtaji unaozunguka kuliko jaji yeyote.

Muda nao unahesabika. Deni la mkataba hudaiwa ndani ya miaka 6 tangu lilipostahili kulipwa, madai ya ardhi ndani ya miaka 12. Miaka 6 inaonekana mingi mpaka mdai akumbuke miwili aliyoipoteza akisubiri ahadi na mingine miwili katika mahakama isiyo na mamlaka. Mwenye mgogoro wa ghala au kiwanja hufuata njia nyingine, inayoanzia baraza la kata, ambalo tangu 2021 linapatanisha tu bila kuamua, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Naye atafute wakili wa ardhi, si wa madeni.

Siku ya kwanza ofisini, mdai abebe nakala za risiti za mizani, taarifa ya benki na meseji zilizochapishwa zikiwa na namba na tarehe. Asilia zibaki nyumbani mpaka siku ya ushahidi. Kila karatasi anayoiacha isainiwe kwamba imepokelewa, kwa maana siku akitaka kubadili wakili, jalada ndilo la kwanza kugombaniwa.