Nyundo, Fataki na Kidole Gumba: Gobore na Bastola ya Silinda Mbili kwa Ushuhuda wa Wenye Nazo

Ziko silaha mbili ambazo hazijapata kukutana katika soko moja, wala wenye nazo hawajapata kujuana, lakini ukiwasikiliza wakizisifu na kuzilaumu utadhani kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja. Ya kwanza ni gobore, bunduki ya kushindilia kwa mbele, ambayo katika vijiji vya nyanda za Njombe, Kichiwa na jirani zake mpaka kuelekea Makambako, imejulikana kwa vizazi vingi kuwa ndiyo silaha ya mkulima mwenye mahindi na viazi vya kuhami dhidi ya nguruwe pori. Ya pili ni bastola ya Kimarekani ya silinda mbili, ambayo mwenyewe huitoa silinda moja akaitia nyingine, na kwa tendo hilo akapata kutumia risasi za aina mbili. Namwandikia msomaji asiye na silaha wala haja ya kuwa nayo, kwa kuwa nyumba za kwetu zenye gobore la marehemu babu darini si chache, na aliye hatarini zaidi karibu nalo ni yule asiyejua linavyofanya kazi.

Asili ya kufanana kwao ni mtambo. Katika silaha za namna hii triga haina kazi ila moja, nayo ni kuiachilia nyundo, kuiinua haiwezi. Mwenye silaha sharti aivute nyundo nyuma kwa kidole gumba mpaka jino la ndani linase, kisha alenge, kisha aiguse triga, ndipo nyundo ianguke juu ya fataki na fataki iwashe baruti. Akitaka kupiga tena, kidole gumba hakina budi kurudi kazini, na asipofanya hivyo hata akiikaza triga mchana kutwa hapana litakalotokea. Iko namna nyingine ya bastola ambayo triga yenyewe huinua nyundo na kuiachilia kwa mvuto mmoja. Hiyo ina upesi zaidi, lakini mvuto wake ni mrefu na mzito, na mkono usio na mazoea huyumba kabla risasi haijatoka. Bastola mashuhuri kuliko zote za kuinuliwa nyundo kwa kidole ni ile ya Colt ya mwaka 1873, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Ruger, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1949 na William Ruger pamoja na Alexander Sturm, iliuhuisha mtindo huo kwa bastola ndogo iitwayo Single-Six mwaka 1953, na kwa ile kubwa iitwayo Blackhawk mwaka 1955.

Katika jamii hiyo ya Ruger ndimo zinamopatikana bastola za silinda mbili. Silinda ni kile kipande cha mviringo chenye vyumba sita vya risasi, nacho hushikwa mahali pake na msumari mrefu upitao katikati. Mwenyewe akiubana mshikio, akauchomoa msumari, silinda hudondoka kiganjani, na nyingine huingia pale pale bila ya kuhitaji fundi. Blackhawk moja yaweza hivyo kutumia risasi ya .357 Magnum kwa silinda ya kwanza na ile ya milimita 9 kwa silinda ya pili, nyingine hubadilishana .45 Colt na .45 ACP. Kila silinda hulinganishwa kiwandani na bastola yake, na ile ya ziada hutiwa alama ya tarakimu za mwisho za namba ya bastola, ili asije mtu akachanganya ya kwake na ya jirani.

Wenye bastola hizo husifu jambo la mali kwanza: risasi ya milimita 9 hupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, basi hujifunzia kwa hiyo, na ile yenye nguvu wakaiweka kwa siku ya haja. Lakini sifa hiyo haiji peke yake, na mimi huwaamini zaidi wanapolaumu. Risasi ya milimita 9 ni nyembamba kidogo kuliko mtutu uliochongwa kwa ajili ya .357, tofauti ya sehemu mbili au tatu za elfu za inchi, kiasi ambacho jicho halikioni ila shabaha hukihisi, na kwa hiyo baadhi yao hukuta kwamba silinda ya pili haipigi mahali pamoja na ya kwanza, wakalazimika kurekebisha kilengeo kila wabadilishapo. Wenye ile ya .45 hulalamika kidogo zaidi, kwa sababu risasi zake mbili zina unene ulio karibu kuwa sawa. Na wengi hukiri kwamba baada ya miezi ya kwanza ya furaha silinda ya pili hulala mkobani, kwa kuwa mtu huchagua chakula kimoja cha bastola yake akakizoea. Kujaza nako ni kwa subira: chumba kimoja kimoja, kupitia kilango cha ubavuni, na maganda hutolewa vivyo hivyo moja baada ya jingine kwa kusukumwa na kijiti.

Si Marekani iliyoanzisha fikra ya kuigeuza silaha ikubali chakula kingine. Magobore ya kale yalikuwa ya gumegume, yaani nyundo ilishika jiwe, jiwe likapiga chuma, na cheche zikaangukia baruti iliyo wazi katika kifa; upepo ukivuma au mvua ikinya, shughuli imekwisha. Mwaka 1807 kasisi wa Kiskochi, Alexander Forsyth, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa kuwasha baruti kwa dawa ilipukayo ipigwapo, na katika miongo iliyofuata dawa hiyo ikafungwa ndani ya kikofia kidogo cha shaba, ndiyo fataki. Mafundi wa Ulaya hawakuyatupa magumegume yao. Waliondoa jiwe na kifa cha kale, wakaweka nyundo butu na chuchu ya chuma ya kuvikwa fataki, na bunduki ya baba ikawa bunduki mpya ya mwana. Mwaka 1866 Waingereza walifanya mabadiliko makubwa zaidi: bunduki zao za Enfield, zilizokuwa zikishindiliwa kwa mbele, zilikatwa nyuma na kutiwa mlango wa Jacob Snider, zikaanza kulishwa kiasi, yaani risasi, baruti na fataki vilivyofungwa katika ganda moja.

Majeshi ya Ulaya yalipokwisha kubadilisha silaha zao, zile za zamani zilihitaji mnunuzi, na mnunuzi akawa ni bara letu. Balozi wa Kiingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliandika mwaka 1888 kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia hapo kwa mwaka mmoja zilikuwa kati ya elfu themanini na laki moja, nazo zilisafiri pamoja na nguo na shanga mpaka bara. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukapiga marufuku kuingiza Afrika ya kati bunduki zenye mifereji mtutuni na zile za kujazwa kwa nyuma, lakini ukaacha mlango kwa gumegume lisilo na mifereji na baruti ya kawaida. Maana yake ni kwamba dola zilizokuwa zikigawana nchi zetu ziliamua kwa kalamu ni silaha gani itakayobaki mikononi mwa wenyeji, na gobore likapewa umri mrefu kuliko ule ambao ustadi wake peke yake ungeweza kulipatia.

Kwa watu wa nyanda hizi historia hiyo haiko mbali. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa mtawala wao Mkwawa walilivamia jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski, na ingawa silaha yao kubwa ilikuwa mkuki, waliwashinda askari wenye bunduki za kiasi kwa sababu hawakuwapa nafasi ya kujipanga. Bunduki zipatazo mia tatu zikaangukia mikononi mwao. Ngawira ile ilikuwa tukufu, lakini bunduki ya kiasi cha kiwandani huishiwa uhai pale kiasi kinapokwisha, na kiwanda hakikuwa Uhehe. Septemba 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Kilutheri ya Yakobi katika Ubena ilishambuliwa, na hapo tena waliokuwa na bunduki za upesi walikuwa upande wa misheni. Hata balaa la simba wala watu, lililoitesa Njombe tangu miaka ya 1930, lilikomeshwa mwaka 1947 na George Rushby wa Idara ya Wanyama pamoja na askari wake kwa bunduki za kisasa. Mwanakijiji mwenye risasi moja mtutuni, na simba yuko hatua chache mbele, hana wasaa wa kumimina baruti nyingine.

Kwa nini basi gobore limependwa? Wenye nalo hutaja kwanza kwamba halichagui. Silaha ya kiasi hudai kiasi chake hasa, na duka likifungwa imekuwa fimbo. Gobore hupokea marisau au risasi moja nzito kwa kadiri ya kazi, maana baruti na risasi hupimwa na mwenyewe. Kwa namna hiyo gobore limekuwa silaha ya kubadilika tangu zamani, bila ya silinda ya pili. La pili ni kwamba mtambo wake huonekana wote, na mhunzi wa kawaida huweza kunyoosha nyundo iliyopinda au kufunga tako lililopasuka. Na la tatu, ambalo wazee husisitiza, ni kwamba hufunza subira: mwenye risasi moja humwacha nguruwe asogee, naye hapigi kwa kufuata sauti aliyoisikia tu bali hupiga mnyama aliyemwona.

Lawama zao nazo ni za haki. Unyevu wa Njombe, ukungu wa alfajiri na baridi ya Juni na Julai ambayo huweza kuleta barafu nyembamba juu ya majani, ni maadui wa baruti nyeusi, na masizi yanayobaki mtutuni hunyonya maji hewani yakala chuma. Bunduki iliyopigwa jioni isiposafishwa kwa maji ya moto, ikakaushwa na kupakwa mafuta, huota kutu upesi. Moshi wake mweupe humfunika mpigaji asijue amepata au amekosa. Fataki ikiwa ya unyevu nyundo hulia bure, na baya zaidi ni pale moto unapokawia, mwenyewe akadhani imekataa, akaigeuza kuitazama. Na hapa lazima niseme wazi juu ya magobore ya kutengenezwa uchochoroni kwa bomba la maji au chuma cha usukani wa gari: bomba lile halikufuliwa kustahimili mfukuto wa baruti, na linapopasuka hupasuka karibu na jicho na kiganja cha kushoto. Hilo si gobore la mababu, na sheria hailitambui.

Lakini lililo kubwa kuliko yote, na ndilo linalowaunganisha mkulima wa Kichiwa na Mmarekani wa mbali, ni mahali inapolala nyundo. Nyundo iliyoshushwa juu ya fataki hai huhitaji pigo dogo tu kutoka nje, bunduki ikianguka au ikigonga kizingiti, ili ilipue. Wenye bastola za Colt waliijua hatari hiyo, wakajizoeza kujaza vyumba vitano na kuiacha nyundo juu ya kile kitupu. Mwaka 1973 Ruger waliweka ndani ya bastola zao kipande chembamba cha chuma ambacho huinuka tu triga inapovutwa, kikapokeza pigo la nyundo kwa pini. Triga isipovutwa kipande hicho hubaki chini, na nyundo haigusi kitu. Tangu hapo vyumba sita hujazwa vyote bila hofu.

Gobore halina chumba kitupu wala kipande hicho. Lina jino la nusu, ambapo nyundo husimama kati ya kulala na kuinuka, lakini jino la kale lililolika haliaminiki. Kinga iliyopo ni desturi, na wenye busara huishika kwa nguvu: bunduki hubebwa bila fataki, fataki hukaa mfukoni, na huvikwa pale tu mnyama anapoonekana, asipotokea huvuliwa kabla ya hatua ya kwanza ya kurudi nyumbani. Mkono na kichwa ndivyo vinavyofanya kazi ambayo kwingine hufanywa na kipande cha chuma.

Desturi hiyo huingia kaburini pamoja na mwenyewe, na gobore hubaki darini likiwa limeshindiliwa, pengine na fataki juu ya chuchu. Baruti nyeusi ikikaa kavu haichakai kwa umri, na mtoto akilipata gobore hilo akaichezea nyundo, miaka thelathini haimwokoi. Kwa Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 leseni ni ya mtu kwa nafsi yake, hairithiwi kama shamba. Mrithi hana haki ya kulihifadhi gobore wala kulipiga mpaka aombe leseni yake mwenyewe, na hata akiipata, leseni ya silaha si kibali cha kuwinda, maana hicho kina sheria yake ya mwaka 2009. Serikali ilitangaza msamaha wa kusalimisha silaha zisizo halali katika Septemba na Oktoba 2022. Pasipo na msamaha wa tarehe maalumu, mrithi aanzie kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, naye asilishushe gobore darini kwa mkono wake. Mwenye ujuzi akifika hutazama kwanza kama kuna fataki juu ya chuchu, akaitoa, kisha huingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mtutuni mpaka ukome, akaulinganisha urefu ulioingia na urefu wa mtutu kwa nje. Mdeki ukikoma kabla ya kufika usawa wa chuchu, bunduki imejaa, na huanza kuipakua papo hapo kabla hajaibeba.